Paa ni la Nani? Majumba na Watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mizinga ya Waingereza iliangamiza jumba moja kubwa la Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1896. Mvua imeangamiza mengi zaidi.

Ukuta wa jumba la kale la mji huu umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake hufika nusu mita au zaidi. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, nyingi zikiwa zililetwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Boriti haina urefu wa kuvuka chumba kipana, ndiyo maana vyumba vya huku ni virefu na vyembamba hata kwenye nyumba ya tajiri mwenye meli zake. Ukuta wa namna hiyo hudumu karne mbili ukiwa mkavu. Paa likitoboka, maji hushuka taratibu ndani ya ukuta, chokaa hulainika, na ncha ya boriti iliyofukiwa humo huoza mahali ambapo jicho halifiki. Siku moja sakafu ya juu huja chini, na ukuta uliokuwa umeshikwa na sakafu ile hubaki hauna mshikaji. Akija fundi wa haraka akaziba nyufa kwa saruji, anazidisha maradhi, kwa sababu saruji huyafungia maji ndani.

Nimeanza na ufundi kwa makusudi. Wageni huandikiwa vitabu kuhusu milango ya nakshi, na kweli milango ni mizuri, lakini mlango haujawahi kuzuia nyumba isianguke. Anayetaka kuujua mji huu na aulize kila enzi paa lilikuwa jukumu la nani.

Jengo kongwe zaidi lililosimama mbele ya bahari ni Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwafukuza Wareno, na waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Tangu hapo ngome imefanya kazi ambazo hakuna mjenzi wake aliyezifikiria. Ilikuwa gereza katika karne ya 19. Reli ya kwenda Bububu ilipojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ngome ikageuzwa karakana ya treni. Baadaye mabibi wa Kizungu wakacheza tenisi humo. Leo kuna jukwaa la wazi ambapo watu huangalia filamu za tamasha la ZIFF na kusikiliza muziki wa Sauti za Busara. Kuta hizo zimeishi muda mrefu kuliko dola zote zilizozimiliki, na nadhani sababu ni kwamba kila dola iliyokuja ilipata kitu cha kuzifanyia.

Mji wenyewe, huu wa mawe, ni mtoto wa biashara ya karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake hapa kutoka Muscat, alikuta vibanda vingi vya miti na udongo na nyumba chache za mawe. Mwaka 1833 alitia saini mkataba na Marekani uliowawekea wafanyabiashara wao ushuru wa asilimia 5, na miaka minne baadaye balozi wa Marekani akawa amefungua ofisi mjini. Wakafuata Waingereza, Wafaransa, na makampuni ya Hamburg. Pembe za ndovu na watumwa walitoka bara kwa misafara, karafuu zilitoka mashambani Unguja na Pemba, kitambaa cha merikani kilitoka ng'ambo ya bahari kuu. Sultani hakukusanya ushuru wake mwenyewe. Forodha aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwanza nyumba ya Jairam Shivji, nao wakamlipa kiasi walichopatana kila mwaka na kubaki na ziada. Kwa hiyo mtu aliyeshika funguo za hazina ya dola alikuwa mfanyabiashara aliyekaa dukani.

Fedha hizo ndizo zilizogeuka kuwa kuta. Nyumba ya Mwarabu ilizunguka ua wa ndani, ikaipa njia mgongo. Nyumba ya Mhindi iliweka duka chini, ikaelekeza uso wake kwa wapita njia, na juu ikatoa roshani za mbao. Nje ya zote mbili palijengwa baraza, lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta. Mwenye nyumba aliweza kumpokea mgeni pale bila kumwingiza ndani kwa wake na mabinti, na jirani asiye na kitu aliweza kuketi na tajiri, wakanywa kahawa kutoka dele moja. Habari za meli, bei ya karafuu, ugomvi wa mirathi na jina la maiti wa leo vyote vilipitia barazani kabla ya kufika kwingine.

Na paa? Lilikuwa na mwenyewe, tena aliyeandikwa. Matajiri wengi waliziweka nyumba zao na maduka yao wakfu. Nyumba ya wakfu haikuuzwa wala kugawanywa. Kodi yake ililipia mafuta ya taa za msikiti, maji ya kutawadhia, matunzo ya kizazi cha mwenye kuweka, na kabla ya hayo yote, matengenezo ya nyumba yenyewe. Ndani ya mji huu mdogo ipo misikiti inayokaribia hamsini, mingi isiyo na mnara wala kuba, imebanwa katikati ya nyumba hata mgeni huipita bila kujua. Iliendeshwa na kodi za vyumba vya jirani. Huu ulikuwa mpango wa jiji ambao hakuna mhandisi aliyeuchora, na kwa maoni yangu haujapata mshindani hadi leo.

Mtawala aliyeutazama mji mzima kama nyumba moja alikuwa Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ujanani alikuwa amejaribu kumpindua kaka yake, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Aliyoyaona huko hakuyasahau. Aliporithi kiti aliteremsha maji ya chemchemi kwa mfereji hadi mjini, na wakazi wakayateka bure. Alijenga hamamu ya umma katika mtaa ambao bado unaitwa Hamamni. Alileta kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya dini ya Kiibadhi. Mwaka 1883 akamaliza Beit el Ajaib, jumba la maonyesho na sherehe lenye nguzo za chuma zilizotoka Ulaya, roshani zinazolizunguka pande zote, na taa za umeme ambazo watu walitoka mitaani kuja kuzitazama.

Sifa hizo zisitufanye tuwe wasahaulifu. Utawala wake ulianza mji ukiwa bado na soko la watumwa, na tarehe 5 Juni 1873 alitia saini mkataba wa kulifunga kwa kushurutishwa na Waingereza, manowari zao zikiwa tayari kuizingira bandari. Kabla mwaka haujaisha, wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameweka jiwe la msingi la kanisa lao katika kiwanja kile kile. Askofu Edward Steere, mtu aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Biblia, alisimamia ujenzi, na madhabahu yaliwekwa mahali panaposemekana palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Wapagazi na mateka waliobeba pembe zilizolipia majumba haya hawakuachiwa jengo hata moja lenye jina lao.

Walioachiwa majengo ni wengine. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alirudi kutoka Kongo akazeeka katika nyumba yake mjini hadi alipofariki mwaka 1905. Tharia Topan, Mkhoja aliyetoka Kutch na kupanda hadi kushika forodha, aliweka jiwe la msingi la hospitali mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria. Alikufa kabla haijakamilika. Jengo lilipomalizika mwaka 1894, lilikuwa na mbao zilizochongwa kama kamba za lesi, na baadaye chini pakawa zahanati, juu pakawa makazi ya watu.

Kisha ile asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Saa tatu asubuhi manowari zikafungua mizinga. Katika dakika chini ya 45 jumba la kifalme la Beit el Hukm lilikuwa kifusi, jirani yake Beit el Sahel limepondwa, na mamia ya watu wameuawa au kujeruhiwa. Beit el Ajaib lilisalia. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake haukusalia, na baadaye mnara wa saa ukajengwa kwenye jumba lenyewe.

Chini ya Waingereza Beit el Ajaib likageuka afisi kuu za serikali. J. H. Sinclair, afisa mtawala aliyekuwa pia mbunifu wa majengo, akaupa mji sura ya kuba na matao: Mahakama Kuu, na Beit el Amani la mwaka 1925 pale Mnazi Mmoja. Ni majengo ya kupendeza, ingawa ndani yake mna kinaya kidogo, Mwingereza akiwajengea Waarabu uarabu. Soko la Darajani likafunguliwa mwaka 1904. Wakfu zikawekwa chini ya tume ya serikali, na hapo ndipo ufa wa kwanza ulipoingia, maana msimamizi hakuwa tena mtu wa mtaa anayekuona ukipita chini ya paa linalovuja.

Ng'ambo, mtaa uliokuwa upande wa pili wa hori na daraja, waliishi watu ambao mji uliwategemea: wachukuzi, wavuvi, mafundi, wapishi, watumwa wa jana. Nyumba walizijenga wenyewe kwa miti, udongo na makuti, ila ardhi ilikuwa ya watu wengine, nyingine ya wakfu, na kodi ya ardhi ikawa inapanda. Mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Wanawake walikuwa mbele. Waliokamatwa wakakombolewa na umati, na serikali ikalazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi hizo. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, alikuwa Bombay akirekodi santuri zake za taarabu kwa Kiswahili. Sauti ya mji ilikuwa imeshavuka daraja, ingawa majumba yalikuwa bado upande ule. Mwaka 1948 makuli wa bandarini waligoma na kuusimamisha mji wote kwa siku kadhaa.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaligeuza jibu la swali letu juu chini. Wenye nyumba wengi walikimbia au waliuawa, nyumba nyingi zikataifishwa, na familia kutoka Ng'ambo na mashambani zikapewa vyumba katika majumba ambayo zamani waliyaingia kwa mlango wa nyuma. Haki hiyo naielewa. Lakini jumba lililojengwa kwa familia moja na watumishi wake sasa lilikuwa na familia sita, saba, nane, kila moja na chumba chake, kodi ikiwa ndogo mno, na paa likiwa la serikali. Serikali ilikuwa na kazi nyingine. Abeid Karume alitaka kuwajengea watu wa Ng'ambo nyumba za kisasa, na kwa msaada wa Ujerumani Mashariki majengo yakaanza kuinuka Kikwajuni na Kilimani, kisha yale marefu ya Michenzani yaliyokata mitaa kama msalaba. Mji wa mawe ulibaki ukilowa. Wapo wanaowalaumu wapangaji kwa kuziharibu nyumba, nami siafikiani nao. Mwenye chumba ghorofa ya kwanza hawezi kuezeka upya jumba la ghorofa tatu.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, baada ya majumba mengi kuwa viwanja vitupu vya mbuzi na magari. Jengo la Tharia Topan lilikarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan, na taasisi hiyo ikaipa bustani ya Forodhani sura mpya mwaka 2009. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji mzima katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima ilikuja, watalii wakaja, na fedha zikaja pamoja nao, ila zilijua pa kwenda. Nyumba iliyogeuzwa hoteli ilipata bati jipya. Ya jirani yake, yenye wapangaji wa wakfu wanaolipa kodi isiyotosha mfuko wa chokaa, haikupata.

Beit el Ajaib halikuwa hoteli wala makazi. Lilikuwa makumbusho, mali ya taifa zima, na mwaka 2012 sehemu yake moja ilikuwa imeshaporomoka. Fedha za kulikarabati zilitoka Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, mnara wa saa na sehemu kubwa ya upande wa mbele vilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Boriti na zege za miaka 137 zilikuwa zimebeba maji kwa muda mrefu.

Mambo Msiige, jumba la Shangani la katikati ya karne ya 19 ambalo liliwahi kuwa la wamisionari, la ubalozi wa Uingereza na la afisi za serikali, lilifunguliwa mwaka 2015 kama sehemu ya hoteli kubwa, baada ya mabishano makali na UNESCO kuhusu ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa ubavuni. Waliopinga walikuwa na hoja: watu wa mji walipoteza njia yao ya kufika pwani na jumba la umma likawa na mlinzi mlangoni. Paa lake, hata hivyo, halivuji. Nyumba ya Tippu Tip, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, ilibaki na familia ndani, nguo zikiwa zimeanikwa kwenye roshani, na hakukuwa na mlinzi wa kumzuia mtu kuketi barazani.