KHADJA NIN NA SISI WATU WA MUTAKURA

Kamati ilipotuomba tuandike historia ya mtaa tulikotoka, kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, wengi walitazamia tutaandika juu ya vita. Vita vimekwisha kuandikwa na wengi, na kila mmoja wetu anazo habari zake ambazo hapendi kuzirudia mbele ya watoto. Sisi tumeona afadhali tuandike habari za mwimbaji mmoja, Khadja Nin, na watu wa Mutakura waliompenda. Huenda mtu akacheka na kusema, hiyo nayo ni historia? Tunamwomba asome mpaka mwisho kabla ya kuamua.

MTAA WETU NA LUGHA YAKE

Mutakura iko upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, jirani na Cibitoke, na hapo karibu ziko Ngagara, Kamenge na Kinama. Njia zake zimepewa namba, nasi tunaziita avenyu. Mtu akikuuliza unakaa wapi unamjibu kwa namba, naye anajua mara moja. Nyumba zimebanana, hata jirani akifungua redio yake asubuhi nawe umekwisha kusikia habari bila kununua betri.

Kwetu tulikuwa na lugha tatu. Kirundi ni lugha ya mama, Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya magari ya abiria na ya uwanja wa mpira. Kiswahili kilikuja na wafanyabiashara na askari tangu enzi za Wajerumani, kikatia mizizi Buyenzi, halafu kikaenea mitaa mingine ya jiji. Lakini hakikuheshimiwa. Kule milimani, kuitwa Mswahili maana yake ni mjanja asiyeaminika. Hata mjini, mzazi aliyejali elimu ya mwanawe alimkemea akimsikia anakisema mbele ya wageni. Na Kiswahili chetu chenyewe kilikuwa cha kuchanganya, Kirundi kidogo, Kifaransa kidogo, na sarufi ya kujitungia.

Ndipo akatokea mwanamke wa kwetu aliyeimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zikanunuliwa mpaka Ulaya.

MWIMBAJI MWENYEWE

Khadja Nin alizaliwa mwaka 1959, wakati nchi ingali chini ya Wabelgiji, miaka mitatu kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Alikuwa mtoto wa mwisho katika nyumba ya watoto wanane. Mwaka 1975 alikwenda Zaire kusoma, na mwaka 1980 akahamia Ubelgiji akiwa na mtoto wake mdogo. Huko ndiko alikofanya kazi yake ya muziki, akisaidiana na mpiga gitaa wa Kibelgiji, Nicolas Fiszman. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafuata Ya Pili mwaka 1994, kisha Sambolera mwaka 1996, ambayo ndiyo iliyomtangaza zaidi. Aliimba kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa.

Miongoni mwa nyimbo zake umo ule uitwao Sina Mali, Sina Deni. Muziki wake umetoka katika wimbo Free wa Mmarekani Stevie Wonder, uliokuwa katika albamu yake ya mwaka 1987. Jina hilo la Kiswahili lilipofika Mutakura halikubaki katika kaseti. Liliingia madukani. Mtu akiomba sukari kwa mkopo na kuanza kujitetea kwa jina la wimbo, mwenye duka alifungua daftari akamwonyesha: mali kweli huna, lakini deni hili hapa.

MIAKA YA KASETI

Yafaa vijana wajue nyimbo hizo zilisikilizwa katika miaka ya namna gani. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika mauaji. Katika miaka ya 1994 na 1995 mitaa ya Bujumbura iligawanyika. Majirani waliochangia sukari na chumvi walihama usiku, huyu akaenda huku na yule kule, na ikawa mtu akivuka barabara moja tu hana hakika ya kurudi. Mutakura nayo ilipatwa na hayo.

Tarehe 25 Julai 1996 yakafanyika mapinduzi yaliyomrudisha Meja Pierre Buyoya madarakani. Siku chache baadaye nchi jirani zikafunga mipaka kwa vikwazo vya uchumi, ambavyo viliondolewa Januari 1999. Kila kitu kilipanda bei. Betri za redio zilianikwa juani juu ya mabati ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Sisi wakati huo tulikuwa watoto, na kazi yetu ilikuwa kuzilinda betri hizo zisiibiwe.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa na betri alifikiri sana kabla ya kuziharibu kwa muziki. Na wakubwa wetu waliziharibu kwa Khadja Nin. Kaseti ile ile ilinakiliwa mara nyingi kwa redio za milango miwili, mpaka sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Ikikatika, iliunganishwa kwa rangi ya kucha. Kila nyumba ilikuwa na daftari ambamo maneno ya nyimbo yaliandikwa kwa kusikiliza, kurudisha nyuma na kusikiliza tena. Daftari za nyumba mbili hazikupata kufanana hata siku moja.

Jambo tunalotaka liandikwe hapa ni hili. Watu waliohama Mutakura walikwenda na kaseti hiyo, na watu waliohamia katika nyumba zao walikuja na kaseti hiyo hiyo. Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, na baada ya bunduki kutulia polepole, baadhi ya wa zamani walianza kurudi kutazama viwanja vyao. Maneno ya kwanza kati ya mwenye nyumba na aliyemo ndani yalikuwa magumu, na mara nyingine hayakwisha vizuri. Lakini tumeona kwa macho yetu watu wawili wa namna hiyo wakishindana juu ya neno moja la wimbo, kila mmoja akishikilia lililoandikwa katika daftari lake. Hatudai kwamba walipatana juu ya nyumba. Walikaa kitako, na kabla ya siku ile walikuwa wakizungumza wamesimama.

UBISHI WA KWA FUNDI REDIO

Katika avenyu yetu alikuwapo mzee mmoja, fundi wa redio. Baraza lake ndilo lilikuwa chuo chetu miaka ya 2000, tulipokuwa vijana. Wakati huo redio za binafsi zilikuwa zimeongezeka, kama Bonesha, RPA na Isanganiro, na kila moja ilikuwa na saa zake za muziki. Mzee alijua saa zote.

Ajabu ni kwamba yeye alikuwa mpinzani wa Khadja Nin. Alisema:

"Huyu alienda zamani sana. Embargo hakuila, risasi hakuisikia. Ataimba kwetu namna gani, na hayuko?"

Nasi tukamjibu, "Muzee, mbona basi umepiga kaseti yake toka asubuhi?"

"Najaribisha spika," alisema.

Tulimtetea mwimbaji wetu kwa mifano. Tulimtaja Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978, akapendwa hata sehemu ya mji ikaitwa Sinza kwa Remmy. Tulimtaja Miriam Makeba, aliyezuiwa kurudi Afrika Kusini mwaka 1960 kwa mazishi ya mama yake, akakaa ugenini miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyesema si wa kwao. Mzee alisikiliza, akatujibu kwamba Makeba alifukuzwa, na Khadja alipanda ndege. Ubishi huo haukupata mshindi. Lakini swali lake lilikuwa swali la haki, nasi tulilijibu kwa wepesi wa vijana ambao bado hawajaondoka kwao.

TULIPOONDOKA

Tarehe 26 Aprili 2015 yalianza maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na Mutakura ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mbele. Katikati ya Mei, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa, redio kubwa za binafsi zilishambuliwa zikanyamazishwa. Asubuhi iliyofuata mtaa ulikuwa na ukimya ambao hatukuuzoea. Hata barazani kwa mzee hapakuwa na kitu cha kusikiliza ila kaseti zake.

Mwaka huo na uliofuata watu kwa mamia ya maelfu walivuka mipaka. Sisi tulipita njia tofauti, hatimaye tukakutana hapa Kakuma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 na iliyowapokea wengi kabla yetu, kutoka Sudan, Somalia, Ethiopia na Kongo. Mzee fundi redio alibaki. Mara ya kwanza tulipopata simu yake alituambia bei ya maharagwe, akatutajia waliofariki, kisha akacheka na kusema:

"Sasa na nyinyi mumekuwa kina Khadja."

Tulicheka pamoja naye. Simu ilipokatika hakuna aliyeendelea kucheka.

KOSA LETU DARASANI

Hapa kambini tulipewa kufundisha Kiswahili. Mwanzoni wenzetu walikicheka Kiswahili chetu cha Bujumbura, nasi kwa aibu tukakazana na Kiswahili cha mitihani kuliko wenyeji. Siku moja tuliwapa wanafunzi zoezi. Tuliwasikilizisha wimbo wa Khadja Nin, wakaandika maneno yake, kisha tukawaonyesha kwa wino mwekundu kila mahali mwimbaji alipoacha sarufi ya kitabu. Tulijiona tumefundisha vizuri.

Kesho yake alikuja mama mmoja wa Uvira na daftari la mwanawe. Alisimama mlangoni, akasema kwa adabu:

"Mwalimu, huyu mwenye ulikosoa ni miye. Ni vile tunasemaka kwetu."

Hatukuwa na jibu. Tuliomba radhi, na juma lililofuata tukarudia somo lile. Safari hii tuliandika ubaoni safu mbili, namna ya kitabu na namna ya kwetu, na wanafunzi wakaambiwa wazijue zote mbili na wajue kila moja inatumika wapi. Tangu siku hiyo tunafundisha hivyo. Mtihani ni lazima waushinde, lakini hatuwafundishi tena kuwaonea haya mama zao. Hata kule Burundi, katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi, na nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwaka 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Watu wa avenyu zetu, waliokemewa kwa lugha hiyo, walikuwa wametangulia.

Katika darasa hilo hilo mtoto mmoja aliyezaliwa hapa Kakuma aliuliza, "Mwalimu, kama aliondoka kabla nyinyi hamjazaliwa, vipi ni wa kwenu?" Lilikuwa swali la mzee fundi redio, limetufuata mpaka Turkana. Lakini mtoto huyu hakuwa akiuliza habari za Khadja Nin peke yake. Yeye mwenyewe hajaiona Mutakura, ila anaijua avenyu ya nyumba ya babu yake kwa namba. Tulimjibu kwamba mtu ni wa mahali pale anapopajali na kupasema kwa lugha ya watu wa pale, hata akiwa mbali, na kwamba yeye pia ni wa kwetu akitaka. Pia tulimwambia ukweli, kwamba waliobaki wana haki ya kutuuliza. Aliye mbali asijifanye aliila embargo.

Mwaka 2018 Khadja Nin alikuwa mmoja wa waamuzi wa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, chini ya mwenyekiti Cate Blanchett, mcheza filamu ambaye tangu mwaka 2016 amekuwa balozi mwema wa UNHCR. Hapa kambini wapo waliosema hayo ni mambo ya wakubwa, hayatuhusu. Sisi mashabiki tuliyapitisha nyumba hadi nyumba kana kwamba dada yetu ameolewa.

OMBI LETU

Ndugu wasomaji, tunamaliza kwa ombi. Daftari za nyimbo tulizoziacha Mutakura hatujui ni ngapi zimesalimika. Lakini maneno tunayo vichwani, pamoja na habari za nani aliimba wapi, katika harusi ya avenyu gani, na nani alikosea nini. Wazee wetu wanapungua. Tunaomba kila jamaa, Warundi, Wakongomani na wengine wote, waandike nyimbo za mitaa yao na habari zake, kwa Kiswahili cha kwao, wazilete kwa kamati. Sisi walimu tutazinakili, na tunaahidi mbele yenu kwamba wino mwekundu hatutautumia.

Ni sisi walimu wenu, watu wa Mutakura.