Mfumo wa kusimamia seva ukigoma: Mambo 6 ya kuangalia kabla ya kuzima chochote

Mfano ni huu. Ni Jumatatu asubuhi katika ofisi moja Mbagala, wilayani Temeke. Usiku umeme ulikatika na jenereta ikachelewa kuwaka. Jamaa wa IT anafungua vCenter, mfumo anaoutumia kusimamia seva zote za ofisi, lakini ukurasa unagoma. Bosi anapiga simu: “Zima kila kitu, uwashe upya.”

Hapo ndipo tatizo dogo hugeuka kubwa.

vCenter ni nini?

Siku hizi seva moja kubwa hugawanywa ndani kwa ndani ikawa kama kompyuta nyingi. Hizo huitwa mashine pepe. Moja inabeba mfumo wa malipo, nyingine barua pepe, nyingine faili za wateja. Teknolojia hiyo iko kwenye vituo vikubwa kama Kituo cha Taifa cha Data (NIDC) kilichopo Kijitonyama, Kinondoni, na iko pia kwenye kile kichumba chenye AC nyuma ya mapokezi.

Mashine pepe huendeshwa na programu iliyo ndani ya seva, kama ESXi ya VMware, kampuni iliyonunuliwa na Broadcom Novemba 2023. vCenter ni msimamizi wa ESXi zote. Taarifa zake huziweka kwenye kanzidata, na huongea na seva kwa mawasiliano yaliyosimbwa, yaani hata mtu akiyanasa njiani hawezi kuyasoma.

Kwa hiyo vCenter ikigoma, mara nyingi moja kati ya haya mawili limekwama: kanzidata au mawasiliano hayo.

Msimamizi akilala, kazi haisimami

vCenter ikizima, mashine pepe zinaendelea kufanya kazi. Kinachokosekana ni usimamizi wa pamoja, mfano kuhamisha mashine kutoka seva moja kwenda nyingine, pamoja na bakapu zinazopitia vCenter. Fundi bado anaweza kuingia kwenye kila ESXi moja kwa moja kwa kivinjari.

Akizima seva zote kwa sababu vCenter haifunguki, anakata huduma ambazo zilikuwa nzima.

Mambo 6 ya kuangalia, kwa mpangilio

1. Diski imejaa? Hii ni sababu ya kawaida sana. Fundi aingie kwenye mashine ya vCenter na kuandika df -h. Sehemu ya kanzidata, /storage/db, ikifika asilimia 95, huduma kuu ya vCenter hujizima yenyewe ili kulinda data. Dawa ni kuongeza ukubwa wa diski. Kufuta faili za kanzidata kwa mkono ni kujichimbia kaburi.

2. Huduma zinafanya kazi? Amri service-control --status inaonyesha kilichowaka na kilichozima. Za kutazama kwanza ni vpostgres, ambayo ndiyo kanzidata, na vpxd, ambayo ndiyo vCenter yenyewe. vpostgres ikiwa imezima, vpxd haiwezi kusimama. Kuihangaikia vpxd peke yake ni kupoteza muda.

3. Kanzidata inafikika? Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, vCenter ya kwenye Windows iliondolewa, na kanzidata ya PostgreSQL huja ndani ya mfumo wenyewe. Lakini ofisi zenye matoleo ya zamani huenda bado zina kanzidata kwenye seva nyingine. Huko fundi apime poti: 1433 kwa SQL Server, 1521 kwa Oracle. Poti ikijibu na vCenter bado inakataliwa, aulize kama kuna mtu amebadilisha neno la siri la kanzidata. Likibadilishwa upande mmoja tu, vCenter inabaki inabisha hodi kwa neno la zamani.

4. Saa iko sawa? Baada ya umeme kukatika, seva yenye kibetri cha saa kilichochoka inaweza kuamka ikiwa miaka kadhaa nyuma. Kila cheti cha usalama kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo saa ikiwa ya uongo, cheti kizima kinaonekana batili. Amri date inatosha kuonyesha. Ila kuna mtego: vCenter huandika kumbukumbu zake kwa saa za UTC, saa tatu nyuma ya Dar es Salaam. Tukio lililoandikwa 05:12 lilitokea saa mbili na dakika 12 asubuhi. Hiyo siyo hitilafu.

5. Cheti kimeisha? Cheti kikuu cha vCenter kinachotolewa na mfumo wenyewe hudumu miaka 2. Kwenye baadhi ya matoleo, kile kinachotumika kuthibitisha wanaoingia, kiitwacho STS, nacho ni cha miaka 2. Ndiyo maana mfumo unaweza kugoma ghafla bila mtu kugusa chochote. VMware ilitoa programu ndogo mbili kwa ajili ya hili: checksts ya kukagua na fixsts ya kurekebisha. Kabla ya kurekebisha, fundi achukue snapshoti ya mashine ya vCenter.

6. Fayawoli inaingilia? vCenter hutumia poti 443 kwa mawasiliano yaliyosimbwa na 902 kwa kuongea na ESXi. Baadhi ya fayawoli hufungua mawasiliano hayo ili kuyakagua, kisha huyafunga tena kwa cheti chao wenyewe. vCenter ikiona cheti isichokijua, inakata. Fundi alinganishe aliyetoa cheti kinachoonekana akipitia fayawoli na kinachoonekana akiwa karibu na seva. Vikitofautiana, mkosaji kajulikana. Suluhisho ni kuiambia fayawoli isiguse njia hiyo.

Njia ya mkato yenye gharama

Fundi aliyechoka hushawishika kuzima ukaguzi wa vyeti, au kuifungua vCenter kwenye intaneti ili aifikie akiwa nyumbani. Mambo yatafunguka, lakini mlango umeachwa wazi.

Februari 2023, wahalifu walivamia maelfu ya seva za ESXi duniani, wengi wa waathirika wakiwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Walifunga faili za mashine pepe na kudai pesa. Walipitia tundu ambalo dawa yake ilikuwa imetolewa miaka 2 nyuma, kwenye seva zilizoachwa wazi mtandaoni.

Kwa Tanzania kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ofisi yenye majina, namba za simu na rekodi za wateja kwenye seva zake inaguswa moja kwa moja.

Kinga ni nafuu

Tarehe za kuisha kwa vyeti ziandikwe kwenye kalenda ya simu, na tahadhari iwekwe mwezi mmoja kabla. Neno la siri la root la vCenter nalo kwa kawaida huisha baada ya siku 90. Seva zote zichukue saa kutoka chanzo kimoja, UPS ipimwe kabla umeme haujakatika, na bakapu ya vCenter ihifadhiwe nje ya seva hizohizo.

Na bosi akipiga simu asubuhi akitaka kila kitu kizimwe, fundi afungue kwanza mfumo wa malipo. Ukifunguka, seva ziko hai, na kuna muda wa kuanza na namba 1.