Tuseme Sawa: Mkweche, kuukuu au kongwe?

Stendi ya Tukuyu, kijana wa miaka 19 alinionyesha Land Rover aliyouziwa na mjomba wake, gari lake la kwanza. Jirani yake akaliita mkweche. Kijana akanywea. Namtetea, maana jirani alikosea neno.

Mkweche ni gari bovu linalotembea kwa kubembelezwa: mlango umefungwa kamba, breki za kukisia. Neno hilo hutaja hali, si umri; gari la miaka mitano likikosa matunzo nalo ni mkweche. Kuukuu ni -kuu iliyorudiwa, na hubeba uchakavu wa kutumika: nguo kuukuu, magari makuukuu. Kongwe ndilo neno lenye heshima. Mkongwe ni mzee aliyekula chumvi nyingi, na gari kongwe ni lile ambalo umri umelipa thamani, kama la kijana huyu. Land Rover zilizinduliwa mwaka 1948, bodi zikiwa za alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Alumini haishiki kutu kama chuma, ndiyo maana mvua za huku Rungwe hazikuitoboa bodi ile. Kutu hukaa chini, kwenye chesisi, na kijana alikwisha kuigonga kwa nyundo kila pembe kabla ya kulipa.

Sasa anataka injini yenye nguvu zaidi na rimu pana, akisema “analikarabati”. Hapo namsahihisha yeye. Kukarabati ni kurudisha kitu katika hali yake njema. Akibadili injini ili apande mwinuko wa Isongole bila kurudi gia ya kwanza, analiunda upya.