Kuondoa ukungu nyumbani baada ya mafuriko ya Mto Tana

WAKAZI wa Garissa wamezoea jua kali na vumbi, na wengi hawaoni ukungu kuwa adui wa nyumba zao. Lakini Mto Tana unapovunja kingo zake, kama ilivyotokea Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, maji yanayoondoka huacha kuta zenye madoa meusi na harufu nzito.

Ukungu huo, ambao baadhi huuita kawa, huweza kuanza kumea penye unyevu baada ya siku moja au mbili tu. Vumbi lake likivutwa puani huchochea pumu, kikohozi na mwasho wa macho.

Wengi hukimbilia kupaka rangi. Ukuta ukipakwa ungali na maji ndani, ukungu huendelea kumea chini yake, rangi ikabambuka na fedha zikapotea bure.

Sharti nyumba ikaushwe kwanza, na jua la Garissa ni dawa isiyouzwa. Milango na madirisha yaachwe wazi mchana kutwa, nayo mikeka na mazulia yaanikwe nje. Tatizo ni mbu. Eneo hili lilikumbwa na homa ya Bonde la Ufa mwaka wa 1997 na 1998, kisha 2006 na 2007, mara zote baada ya mvua kubwa, hivyo si ajabu watu kufunga madirisha. Wavu wa dirishani huzuia mbu na kuruhusu upepo kupita. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupaka rangi mara mbili.

Ukuta wa simiti usuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni, kamwe usikwanguliwe ukiwa mkavu, maana vumbi la ukungu litaenea vyumbani. Baadaye upakwe Jik, kikombe kimoja kwa lita nne za maji, uachwe kwa dakika kumi hivi, usuuzwe na kukaushwa. Anayefanya kazi hiyo avae glavu na afunike pua na mdomo. Jik isichanganywe asilani na siki wala asidi ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua.

Kwa ukuta wa udongo Jik haifai kitu, kwa sababu haipenyi hadi ndani. Tabaka lililoharibika lilowanishwe kidogo, likwanguliwe na kutupwa mbali, kisha ukuta ukandikwe upya ukishakauka. Godoro lililolowa maji ya mafuriko litupwe pia, ijapokuwa inauma. Maji hayo huwa yamepitia vyooni.

Si kila doa ni ukungu, hata hivyo. Unga mweupe chini ya ukuta mara nyingi ni chumvi iliyopandishwa na unyevu wa ardhini. Ukitonewa maji ukayeyuka, hiyo ni chumvi: ipanguswe kwa brashi kavu, na mwenye nyumba atafute maji yanakoingilia.