Barafu ya Kibo Maabarani

Mwaka 2000 kundi la Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, lilitoboa barafu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mahali sita. Ilitoka miche ya barafu mithili ya miche ya sabuni, mirefu zaidi ikifika mita 50 hivi, ikasafirishwa bila kuyeyuka hadi maabara ya chuo hicho mjini Columbus.

Huko zilipimwa molekuli za maji. Karibu zote zina oksijeni-16. Takriban mbili katika kila elfu zina oksijeni-18, ambayo ni nzito zaidi. Zile nzito huchelewa kugeuka mvuke na huwahi kudondoka na mvua. Uwiano wa aina hizo mbili, ukipimwa tabaka kwa tabaka kwa spektromita, hueleza hali ya hewa ya siku theluji ilipoanguka. Kuusoma si kazi nyepesi: huku karibu na ikweta, wingi wa mvua nao huuvuruga.

Ushahidi mmoja katika barafu hiyo ulionekana kwa macho tu: utepe wa vumbi wa milimita 30, uliokadiriwa kuwa wa ukame wa miaka 4,000 iliyopita.

Kati ya 1912 na 2000, Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 80 ya eneo lake la barafu. Ukifika juu, tafadhali usiimege iliyobaki.