Gemu za Uvumbuzi za Kijapani katika Mwambao wa Bagamoyo: Umeme, Hifadhi na Lugha

Gemu za video huzungumzwa katika mwambao wa Tanzania kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ziliingia kwa mafungu, na kila fungu lilikuwa na njia yake na vizuizi vyake. Gemu za mpira na za ngumi zilitangulia, zikaenea katika vibanda vya mitaani na kuwapa vijana msamiati, mashujaa na ushindani. Fungu jingine, lenye asili ya Japani na linalohusu safari ndefu katika nchi isiyojulikana, lilichelewa kufika, na lilipofika halikupata wachezaji wengi. Wapo wanaodhani kwamba vijana wa Pwani hawana subira na michezo ya aina hiyo, lakini historia haiungi mkono dhana hiyo, kwa kuwa kilichochelewesha gemu za uvumbuzi ni mambo matatu yasiyohusiana na tabia ya mchezaji: umeme, hifadhi ya mchezo na lugha.

Gemu za uvumbuzi ni tawi la gemu za uhusika, yaani zile ambazo mchezaji hushika mhusika mmoja anayeanza akiwa dhaifu, kisha akaongezeka nguvu, silaha na maarifa kadiri anavyoendelea. Tawi hili huchanganya uhusika na mapambano ya papo kwa papo yanayotegemea wepesi wa vidole, na kiini chake si pambano lenyewe bali nchi inayozungukwa: mapango, misitu, magofu na milango isiyofunguka mpaka mchezaji apate chombo au uwezo fulani mahali pengine. Nchini Japani sura ya tawi hili ilianza kuonekana katikati ya miaka ya 1980, na mwezi Februari 1986 kampuni ya Nintendo ya Kyoto ilitoa The Legend of Zelda, iliyobuniwa na Shigeru Miyamoto pamoja na Takashi Tezuka. Miyamoto alikulia Sonobe, mji mdogo karibu na Kyoto, na mara nyingi ameeleza kwamba kuzurura kwake utotoni katika vilima na mapango ya huko ndiko kulikomfanya atake kumpa mchezaji nchi ya kuigundua mwenyewe bila kushikwa mkono. Mwaka huohuo Nintendo ilitoa Metroid, yenye njia zinazomrudisha mchezaji alikopita ili afungue kilichokuwa kimefungwa, na mwaka 1997 kampuni ya Konami iliunganisha mkondo huo na ukuaji wa mhusika katika Castlevania: Symphony of the Night, ambayo ramani ya ngome yake hujichora hatua kwa hatua kadiri mchezaji anavyoingia vyumba vipya.

Mwambao ambao gemu hizo zingeukuta haukuwa mgeni wa michezo mirefu. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, huchezwa barazani kwa muda mrefu, na bingwa wake hutambuliwa kwa uwezo wa kuhesabu kichwani mizunguko ya kete kabla hajazigusa, jambo linalodai subira na kumbukumbu kuliko haraka. Hadithi za usiku nazo, katika nyumba za Waswahili wa Bagamoyo na za majirani zao Wakwere, Wazaramo na Wadoe, zilijaa kijana anayetoka kwao, akavuka mto na pori, akakutana na zimwi, akapewa msaada na mnyama au kikongwe, kisha akarudi akiwa mtu mwingine. Kwa hiyo muundo wa safari, jaribu na zawadi, ambao ndio uti wa mgongo wa gemu za uvumbuzi, ulikuwa unafahamika vizuri kabla ya skrini ya kwanza kuwashwa.

Skrini yenyewe ndiyo iliyokawia. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994, vituo binafsi vya CTN na ITV vilipoanza kurusha matangazo jijini Dar es Salaam. Mwezi Desemba wa mwaka huohuo kampuni ya Sony iliingiza mashine yake ya gemu, PlayStation, katika soko la Japani, maana yake ni kwamba Wajapani walipokuwa wakihama kutoka kizazi kimoja cha mashine kwenda kingine, familia nyingi za Bara zilikuwa ndiyo kwanza zinafikiria kununua runinga. Vijijini pengo lilikuwa kubwa zaidi. Kiwangwa, kata ya wakulima inayosifika kwa mananasi katika Halmashauri ya Chalinze, iko kando ya barabara ya Bagamoyo–Msata, ambayo iliwekwa lami katika muongo wa 2010 tu, na katika vijiji vya aina hiyo umeme wa gridi ulitegemea mpango wa taifa uliotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, ambao Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kuutekeleza mwaka 2007. Kabla ya hapo mwenye kutaka kuendesha runinga alihitaji jenereta na mafuta, na gharama ya mafuta hayo ilipaswa kurudishwa na wateja waliolipa.

Hapo ndipo kibanda cha gemu kinapopata umuhimu wake katika historia hii. Kibanda kilikuwa chumba chenye runinga moja au zaidi, mashine, na pedi mbili kwa kila mashine, na mwenye kibanda aliuza muda: alitoza kwa mechi au kwa dakika, huku wengine wakisubiri zamu nyuma ya benchi. Gemu ya mpira au ya ngumi ilimfaa kwa sababu mechi ilikwisha haraka, pedi zote mbili zilikuwa na mteja, na aliyefungwa aliinuka na kumpisha mwingine. Gemu ya uvumbuzi ilivunja hesabu hiyo yote, kwa kuwa mchezaji alikuwa mmoja, pedi ya pili ililala bure, na safari iliyotaka saa kadhaa haikuwa na mahali pa kukatiwa. Gemu ya mpira ya Winning Eleven na ya ngumi ya Tekken zilizojaza vibanda zilitoka Japani vilevile, jambo linaloonyesha kwamba Japani haikukosa kufika mwambaoni, bali kilichofika ni kile kilichokubaliana na biashara ya dakika.

Kizuizi cha pili kilikuwa hifadhi, yaani uwezo wa mashine kukumbuka mchezaji alipoishia, kitendo ambacho vijana hukiita kusevu. The Legend of Zelda ilipotoka Japani iliwekwa katika diski iliyoweza kuandikwa upya, na ilipouzwa Marekani mwaka 1987 iliwekewa betri ndani ya kaseti ili kumbukumbu isifutike mashine inapozimwa. Mashine za bei nafuu zilizoiga ile ya Nintendo, zilizotengenezwa Asia na kuuzwa katika nchi nyingi zinazoendelea, zilikuja na kaseti zenye michezo mingi mifupi ambayo haikuhitaji betri, na kwa hiyo michezo mirefu ilibaki nje. Katika PlayStation hifadhi ilihamia kwenye memori kadi, kifaa kidogo kilichouzwa peke yake, chenye ukubwa wa kilobaiti 128 katika mashine ya kwanza na megabaiti 8 katika PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2000. Kadi iliyokaa kibandani ilikuwa ya wote, na chochote alichohifadhi mchezaji leo kingeweza kufutwa kesho na mteja mwingine, hivyo hapakuwa na sababu ya kuanza safari ambayo mwisho wake haukuwa na uhakika.

Vizuizi hivi viwili vililegezwa na simu ya mkononi. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, simu za Android zikashuka bei katika muongo uliofuata, na mwaka 2012 ikatoka PPSSPP, programu inayoiga mashine ndogo ya Sony iitwayo PSP na kuwezesha gemu zake kuchezwa kwenye simu. Kwa mara ya kwanza kijana wa kijijini aliweza kuwa na mashine yake, hifadhi yake na muda wake, akacheza akiwa ameketi kivulini baada ya kazi ya shamba, akasimamisha mchezo chaji inapopungua na kuuendeleza siku nyingine palepale alipoachia. Gemu za uhusika za Kijapani, ambazo PSP ilikuwa nazo kwa wingi, zikawa zinawezekana bila kibanda na bila runinga.

Kizuizi cha tatu, ambacho ni lugha, hakikuondolewa na simu, na ndicho kizito kuliko vyote. Mechi ya mpira haihitaji kusoma, lakini gemu ya uvumbuzi huficha njia yake ndani ya maneno: mzee wa kijiji anadokeza palipo na ufunguo, maandishi ya kaburini yanaeleza udhaifu wa adui, na maelezo ya upanga yanabeba historia ya ufalme mzima. Hidetaka Miyazaki, mbunifu wa Demon's Souls ya mwaka 2009 na Elden Ring ya mwaka 2022 iliyouza zaidi ya nakala milioni 20 ndani ya mwaka mmoja, amesimulia kwamba utotoni alisoma vitabu asivyovielewa vizuri na kujaza mapengo kwa mawazo yake, na ni dhahiri kwamba mchezaji wa Pwani aliyesoma kwa Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Miyazaki alikuwa na maktaba ya lugha yake pembeni, wakati mchezaji wa Kiswahili hakuwa na gemu hata moja ya aina hiyo katika lugha yake. Filamu zilipata ukombozi mapema, kwa kuwa wasimulizi kama marehemu Lufufu walizitafsiri na kuzitia chumvi kwa Kiswahili, na kanda zao zikajaza vibanda vya video nchini, lakini gemu haikupata msimulizi wake, kwa sababu mwendo wake hubadilika kwa kila mchezaji na sauti haiwezi kupachikwa juu yake kama inavyopachikwa juu ya filamu.

Mabadiliko yalikuja tarehe 23 Aprili 2024, ilipotoka Tales of Kenzera: Zau, gemu ya mapambano na uvumbuzi iliyotengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza chini ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Gemu hiyo imerithi kwa uwazi mkondo wa Metroid na Castlevania, ikauingiza katika visa vya Kibantu kuhusu kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake, na wahusika wake wanaweza kusikika wakizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo ilitolewa kwa ajili ya PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch na kompyuta, mashine ambazo bei yake inazidi uwezo wa kaya nyingi za wakulima, hivyo mambo yakageuka: simu ilipokuwapo Kiswahili hakikuwapo, na Kiswahili kilipokuja kilikuja mahali ambapo simu ya kijijini haifiki.

Jambo la mwisho linahusu nani anayeigundua nchi. Gemu nyingi za aina hii humweka mchezaji katika nafasi ya mgeni anayeingia asikokujua, kama walivyoandikwa wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walioanza safari yao katika mwambao huu mwaka 1857, au Stanley aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871. Lakini misafara hiyo iliongozwa na kubebwa na watu waliojua njia, vivuko vya Mto Ruvu na masharti ya hongo, yaani malipo yaliyotolewa kwa watawala wa nchi zilizopitwa, na ni Susi, Chuma na wenzao, wasaidizi wa mpelelezi Livingstone, walioileta maiti yake hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874. Bagamoyo ina Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iliyotokana na chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, yenye waigizaji na wanamuziki wanaoweza kuipa gemu sauti, na Dar es Salaam haikosi vijana wanaojua kuandika programu. Wanaostahili kuanza sasa ni wao, wakiwa na gemu ya uvumbuzi ya Kiswahili inayochezeka kwenye simu ya kawaida na inayomweka mchezaji katika nafasi ya kiongozi wa msafara anayeijua nchi, kwa kuwa mpaka hilo litendeke tawi hili litabaki, kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, mchezo wa kuangalia picha na kubahatisha maana.