Papy wa Radio Lwemba: mume ambaye hesabu ya Ebola haimtaji



Tukiandika TFC juu ya Ebola, wengi wetu tunaanza na tarakimu. Mimi pia nilianza hivyo. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali inatangaza ugonjwa Mangina, zoni ya afya ya Mabalako. Tarehe 25 Juni 2020 inatangaza mwisho wake. Katikati hapo, wagonjwa 3470, waliokufa 2287. Ni kweli, na lazima iandikwe. Lakini leo nataka kuandika juu ya mtu mmoja ambaye hayuko ndani ya ile 2287, maana hakufa na Ebola. Aliuawa kwa visu, nyumbani kwake, juu ya kuisema.

Anaitwa Papy Mumbere Mahamba. Sisi Wanande tukisikia Mumbere, hatuulizi sana: ni mtoto wa kiume wa kwanza. Kabla hujajua kazi yake, jina limeshakuambia kuna mama aliyempakata akiwa mvulana wake wa kwanza. Papy alikuwa mwandishi wa habari wa Radio Lwemba, redio ndogo ya pale Lwemba, teritware ya Mambasa, Ituri. Ni zoni ya afya ya Mandima, jirani na Mabalako yetu. Virusi havikujua mpaka wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Vilipita barabara ile ile ya Mangina kwenda Biakato, pamoja na wafanyabiashara, motari na wagonjwa wanaotafuta kituo cha afya.

Sasa, kwa nini mtu auawe juu ya kipindi cha redio? Hapo lazima turudi nyuma kidogo.

Ebola ilifika wakati Beni ilikuwa inazika watu tangu Oktoba 2014. Miaka minne ya mauaji, na watu walikuwa wanauliza: tulipochinjwa, mbona hizi gari hazikuja? Kisha tarehe 26 Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu. Rais mpya akaapishwa Januari bila kura zetu. Mnakumbuka: tarehe 30 Desemba vijana wa Beni walijipanga mistari na kupiga kura yao wenyewe, ya alama tu. Katika hali hiyo, nani angeamini haraka? Uchunguzi mmoja uliofanywa Septemba 2018 Beni na Butembo, kwa watu wazima 961, ulionyesha kwamba zaidi ya robo hawakuamini kama Ebola ipo.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Sitaficha. Nilikuwa mwanafunzi Butembo, na nilikuwa nasema kama wengine: "Haiko ugonjwa, iko franga tu." Nilipokea sauti za WhatsApp zenye kusema eti chanjo inaleta utasa, nikazituma mbele kwa jamaa wa kijijini, na kucheka juu yake. Walioko kijijini hawakucheka. Wao walijiambia: huyu ni msomi, yuko universite, anajua. Mpaka leo sijui sauti zangu zilifika wapi.

Kumbe wakati huo huo kulikuwa na watu wa redio ndogo ndogo waliofanya kazi kinyume na yangu. Fikirieni ugumu wake. Mgeni wa riposti anakuja na gari, anasema Kifaransa, jioni anarudi. Mtangazaji wa kijiji harudi popote. Kesho asubuhi atakutana na wasikilizaji wake sokoni, kanisani, kwenye matanga. Akieleza kwa nini maiti haioshwi kwa mikono mitupu, anawaambia watu aliokwenda nao maziko. Akieleza kwamba chanjo inaanzia kwa waliomgusa mgonjwa na waliokutana na hao, anajua kabisa nyumba gani zinaguswa.

Na kazi hiyo ilikuwa na faida ya kweli. Agosti 2019 timu ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake ilitangaza kwamba dawa mbili kati ya nne zilizojaribiwa hapa kwetu zinaokoa watu zaidi. Waliowahi kufika mapema, wengi walipona. Kwa hiyo kuanzia hapo, kati ya mgonjwa na kupona lilibaki jambo moja kubwa: je, ataamini na kwenda siku ya pili, au atajificha mpaka siku ya saba? Hilo dawa haiwezi. Linafanywa na sauti ya mtu unayemjua.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019 Papy alikuwa ametoka kuendesha kipindi juu ya Ebola. Watu wakaingia nyumbani kwake, wakamuua. Mke wake akajeruhiwa. Nyumba ikachomwa.

Mwezi huo huo, tarehe 28, wakashambulia kambi ya riposti Biakato na ofisi yao Mangina. Wakafa watu wanne: mmoja wa timu ya chanjo, madereva wawili na polisi mmoja. Na kabla ya hapo, tarehe 19 Aprili, Butembo yetu ilikuwa imempoteza Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, mume na baba wa watoto wanne, aliyepigwa risasi ndani ya hospitali akiwa kazini. Yeye dunia ilimlilia, na ilikuwa haki. Papy alitajwa siku mbili tatu kwenye habari, kisha basi.

Nikisoma zile habari, naona zinamwita "mwandishi wa habari" au "mhamasishaji". Sawa. Lakini waliokuja usiku hawakumfuata studio. Walimfuata mahali ambapo alikuwa mume wa mtu. Mwanamke mmoja, usiku mmoja, alipoteza bwana na nyumba, na kubaki na vidonda. Ndani ya jedwali lolote la Ebola yeye hana safu. Hakuwa mgonjwa, hakuwa "kontakti", hakuwa mfanyakazi wa riposti.

Ndiyo maana nasema historia ya Mabalako na Mandima haijaandikwa bado. Tumeandika historia ya virusi. Ya watu bado, na walioishika kichwani wanazeeka.

Basi ombi langu kwenu mnaotafuta kichwa cha TFC mwaka huu: nendeni kwenye redio za kwenu. Ulizeni nani alikuwa anatangaza 2018 na 2019, alisema nini, majirani walimjibu nini, na nyumbani kwake walilalaje usiku. Andikeni majina kwa ruhusa ya familia. Anzeni na wajane.

Na kama kuna mwenzangu ambaye wakati ule alituma zile sauti kama mimi, asiogope kuandika hilo pia. Nalo ni sehemu ya historia.